Mwenye timu anapata nini kwa mchezaji mpya?



Mwezi uliopita mama mmoja wa Rubondo alikuja shuleni akatuuliza: "Mwalimu, kuna mtu wa Mbarara anasema kijana wangu atachukuliwa na timu, ila kwanza nilipe laki tatu za majaribio. Nisipouza mbuzi, si nitakuwa nimemharibia mtoto?" Siku ile hatukuwa na jibu. Tukakaa chini sisi walimu wapenda mpira, tukaulizana: hivi hawa wenye timu pesa yao inatoka wapi?

Chukueni Mbwana Samatta wa Tanzania. Mwaka 2011 Simba walimwuza TP Mazembe ya Lubumbashi, timu ya Moïse Katumbi, ambayo Wakongo wengi hapa tunaijua tangu utoto. Mazembe walimlipa mshahara karibu miaka mitano. Mwaka 2015 wakachukua naye kombe la mabingwa wa Afrika, zawadi dola milioni 1.5, na Januari 2016 wakamwuza Genk ya Ubelgiji. Januari 2020 Genk nao wakamwuza Aston Villa ya Uingereza kwa pauni milioni 8.5 hivi, kama magazeti yalivyoandika. Genk walivuna. Villa je? Aliwafungia goli moja tu la ligi, na kabla ya mwaka kuisha wakamwachia aende Fenerbahce ya Uturuki. Unaweza kununua ng'ombe asitoe maziwa.

Tena kuna kuuza na pesa usiione. Januari 2013 Simba walimwuza Mganda Emmanuel Okwi kwa Étoile du Sahel ya Tunisia, dola 300,000. Pesa haikufika, ikabidi Simba washtaki FIFA.

Jambo lililotushangaza zaidi ni hili. Kwa sheria ya FIFA, mchezaji akiuzwa nchi nyingine mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya bei inakatwa na kugawiwa timu zilizomlea tangu miaka 12 hadi 23. Kuanzia miaka 16, kila mwaka mmoja ni nusu asilimia. Tulipiga hesabu ubaoni na watoto wa darasa la saba: kwa bei ile ya Villa, mwaka mmoja ni pauni 42,500! Darasa zima likapiga kelele. Lakini lazima mchezaji awe amesajiliwa na timu inayotambulika. Mpira wetu wa jioni hapa Base Camp, hata ukiwa mtamu namna gani, hauandikwi popote.

Kwa hiyo mwenye timu ndiye anayetoa kwanza: viatu, nauli, chakula, mshahara. Anabahatisha kwa pesa yake, akitegemea siku ya kuuza. Sasa huyu anayetaka mama auze mbuzi anabahatisha kwa pesa ya nani?

Tulimwuliza pia kocha mmoja wa Mbarara. Akacheka. Akasema kijana aje mazoezini na viatu vyake na karatasi zake za ukimbizi, hakuna cha kulipa.

Jumapili tukarudi kwa mama. Tukampigia yule mtu pale pale, tukamwuliza ni timu gani imemtuma na kama ana leseni ya uwakala. Akakata simu. Mbuzi bado yupo, kijana anacheza winga kama kawaida, na wiki ijayo tunampeleka kwa kocha.