Bidoni Hii Ilibeba Nini Kabla? Kuchagua chombo cha kulazia pombe nyumbani

[Muziki wa kufungua, kisha unashuka]

Leo tunazungumzia kitu ambacho huenda kipo uani kwako sasa hivi: bidoni.

Kina mama wengi kati yetu tuliotoka Uvira na Fizi, pamoja na majirani zetu Warundi, wanatafuta pesa ya unga na ya shule kwa kupika pombe. Ya ndizi hapa inaitwa urwarwa, ya mtama inaitwa impeke. Kule kwetu Kivu ya ndizi tunaijua kama kasiksi. Ndizi tunazichagua moja moja. Lakini chombo? Tunachukua chochote kilicho karibu.

Shangazi yangu alinunua sokoni bidoni ya lita 20, imeoshwa, inang'aa. Siku ya pili urwarwa ikaanza kunuka rangi ya nyumba. Pesa ya ndizi ilikuwa ya mkopo. Alilia, lakini aliimwaga yote. Alifanya vizuri, na nitakueleza kwa nini.

Pombe ikichacha inakuwa na ukali wa asidi, na kileo kinaongezeka kila saa. Asidi na kileo vinavuta vitu vilivyojificha ndani ya chombo. Plastiki nayo inanywa kile ilichobeba. Bidoni iliyokaa na dawa ya shamba, rangi, mafuta ya gari au asidi ya betri haitakasiki, hata ukiiosha mara kumi. Maji safi hayatakuonyesha kitu, pombe itakitoa.

[Muziki mfupi]

Basi uchague nini?

Kwanza, bidoni au ndoo ya plastiki iliyobeba chakula tu, na wewe unajua hivyo. Tazama chini yake: alama ya pembetatu yenye namba 2 inaonyesha aina ya plastiki ngumu inayotumika sana kwa vyakula. Alama ya glasi na uma ni nzuri zaidi. Lakini alama inasema chombo kilitengenezwaje, haisemi kilibeba nini baadaye. Kwa hiyo muulize muuzaji. Akisitasita, acha. Bidoni ya mawese inafaa ukiiosha kwa maji ya moto na sabuni mpaka utelezi uishe, maana mafuta yanayobaki yanachacha vibaya na kuharibu ladha.

Pili, mtungi wa udongo, kama ule wazee wanaouzunguka na mirija yao. Unabaki baridi kidogo, na hilo linasaidia katika joto letu la Bujumbura. Lakini vitundu vyake vidogo vinaficha uchafu, kwa hiyo usiutumie kwa kitu kingine, na uanike vizuri kila baada ya kuosha. Ukiwa na ufa, uache. Usichukue mtungi uliopakwa rangi ya kung'aa ndani, kwa sababu baadhi ya rangi hizo zina risasi.

Tatu, ndoo ya bati la zinki. Hii usiitumie kulazia pombe hata kama ni mpya. Asidi inakula zinki, na anayekunywa anaweza kutapika na kuumwa tumbo. Sufuria ya chuma kisichoshika kutu ni salama, ila bei yake wachache wanaiweza.

Ukubwa pia ni muhimu. Jaza robo tatu tu, povu lipate nafasi. Usifunge kizibo kwa nguvu: pombe inatoa gesi, bidoni inavimba kama tumbo la chura, mwisho inapasuka. Legeza kizibo, au funika mdomo kwa kitambaa safi ili nzi wasiingie.

Kuosha ndiko kunakuonyesha faida ya mdomo mpana. Mkono usipoingia, uchafu unabaki kwenye kona. Usisugue plastiki kwa mchanga, inachanika, na ndani ya michaniko vijidudu vinapata makazi. Tumia sabuni, maji ya moto na kitambaa. Ukitumia javeli, suuza mara kadhaa, na usiichanganye kamwe na siki.

[Muziki unaanza kupanda polepole]

Wewe usiyekunywa pombe, usiseme haya hayakuhusu. Bidoni hiyo hiyo kesho itabeba juisi ya ndizi ya watoto, au maji ya bombani. Ukiwa na bidoni iliyobeba sumu, usiiuze na usimpe jirani. Itoboe chini ili mtu mwingine asiitumie tena.

Kabla ya kumimina, uliza swali moja: bidoni hii ilibeba nini kabla? Usipopata jibu, tafuta nyingine. Hasara ya bidoni moja ni ndogo kuliko ya lita 20 zilizomwagwa, na ni ndogo mno kuliko ya mtu aliyelazwa hospitalini.

Mpelekee na jirani karatasi hii.

[Muziki wa kufunga]