Mkanda wa Kazi na Sindano za Wachina

Askari anayelalamika kwamba paja lake linawaka kama lililopakwa pilipili, hali ngozi haina jeraha, asidhaniwe kuwa anakwepa lindo. Hisia za upande wa nje wa paja hupitia mshipa mmoja mwembamba wa fahamu, yaani neva, ambao hupita kinenani karibu na mfupa wa nyonga. Hapo hapo ndipo mkanda wenye bastola, pingu na risasi unapobana saa nyingi. Neva ikibanwa, paja huchomachoma, kisha hufa ganzi.

Vidonge vikishindwa, wako wanaoijaribu akupancha, tiba ya sindano ya Wachina. Hata Jeshi la Anga la Marekani, ambalo halijapata kusifika kwa kuipenda Peking, lina namna yake iliyobuniwa mwaka 2001 na daktari wake, Richard Niemtzow: vijisindano vitano katika kila sikio.

Sindano hizo hazina dawa. Huichokoza neva, na ubongo hutoa vitulizo vyake wenyewe. Baadhi ya wagonjwa hupata nafuu, wengine hawapati. Lakini hakuna sindano iwezayo kulegeza mkanda. Basi anayetaka kujaribu aulegeze kwanza, auhamishe mzigo, kisha ahakikishe kuwa sindano ni mpya na zimetakaswa.

Lakini mguu ukilegea, au mkojo ukimtoka mtu bila kujua, hayo si ya mkanda tena. Huenda uti wa mgongo umebanwa. Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.