Nuru Iliyopolarishwa na Muundo wa Seli za Mimea: Mfano wa Mazao ya Timau

Utangulizi

Mwanafunzi wa shule ya upili nchini Kenya hufundishwa kuwa kiazi kibichi kikidondoshewa iodini hugeuka rangi ya buluu iliyokaribia weusi. Jaribio hilo huthibitisha kwamba wanga umo. Halimwelezi, hata hivyo, jinsi wanga huo ulivyopangika ndani ya seli. Swali hili la pili ndilo linalojibiwa na hadubini ya nuru iliyopolarishwa. Makala haya yanakusudia kueleza utendakazi wa chombo hicho kwa Kiswahili, kwa kutumia mifano ya mazao ya Timau, mji mdogo ulioko kwenye miteremko ya Mlima Kenya, kando ya barabara itokayo Nanyuki kuelekea Meru, ambako viazi, ngano, shayiri na maua hulimwa. Aidha, yatajadili tatizo la istilahi linalomkabili yeyote anayetaka kulieleza jambo hili kwa lugha yetu.

Nuru na vichujio viwili

Nuru husafiri kama mawimbi. Katika nuru ya jua au ya taa ya kawaida, mawimbi hayo hutetema pande zote: juu na chini, kushoto na kulia, na mishazari yote iliyo baina yake. Kuipolarisha nuru ni kuichuja ili ibaki mitetemo ya bapa moja tu. Tuchukue mfano wa kamba iliyopenyezwa kati ya fito za uzio zilizosimama wima. Kamba ikitikiswa juu na chini, wimbi hupita. Ikitikiswa kushoto na kulia, wimbi hugonga fito na kufa. Tukiweka mbele yake uzio wa pili wenye fito zilizolazwa, hakuna wimbi litakaloweza kuvuka nyua zote mbili.

Hadubini hii ina vichujio viwili vya namna hiyo. Cha kwanza huwa chini ya sampuli na cha pili juu yake, navyo hukingamishwa kwa pembe ya nyuzi 90. Pasipo na kitu baina yake, mtazamaji huona giza. Maji, kioo na sehemu kubwa ya saitoplazimu havibadilishi hali hiyo. Lakini kitu ambacho molekuli zake zimejipanga kwa utaratibu maalumu huigawa nuru katika miali miwili inayosafiri kwa kasi tofauti. Sifa hii iligunduliwa na Erasmus Bartholin wa Denmark mwaka 1669 alipochunguza fuwele za kalisiti. Miali hiyo inapofika kwenye kichujio cha pili, sehemu ya nuru hupenya, na kitu hicho hung'aa katikati ya giza. Kwa hiyo, kinachodhihirika ni mpangilio wa maada, kama vile mtu anayeutazama mkeka si kwa ajili ya ukindu wake bali kwa ajili ya msuko.

Yanayoonekana katika mazao

Kiazi kibichi kikikwaruzwa na utomvu wake kuwekwa kwenye tone la maji, chembe za wanga huonekana kama mayai yanayong'aa, kila moja ikiwa na msalaba mweusi. Msalaba huo hutokea kwa sababu molekuli za wanga zimejipanga kama miali inayotoka kitovuni kuelekea nje. Zile zilizo sambamba na kichujio chochote kati ya viwili hivyo hubaki gizani. Katika chembe ya kiazi kitovu kimesogea upande mmoja, hivyo msalaba nao huwa umepinda. Chembe za ngano ni tofauti: kubwa zina umbo la dengu na ndogo ni za mviringo. Mchunguzi wa vyakula anaweza basi kutambua unga wa ngano uliochanganywa na wanga wa viazi bila kutumia kemikali yoyote.

Viazi hivyohivyo vikitiwa motoni kwa ajili ya mukimo, mambo hubadilika. Joto la maji likipita takriban nyuzi 60 za Selsiasi, chembe hufura, mpangilio huvurugika na misalaba hutoweka. Wanga ungalipo, na iodini bado itageuka buluu. Kilichopotea ni utaratibu wake. Hapa ndipo tofauti kati ya majaribio haya mawili inapodhihirika.

Nduma, zinazostawi katika nyanda za Meru zilizo chini na zenye maji zaidi, zina siri nyingine. Ndani ya seli zake mna matita ya fuwele za oksaleti ya kalsiamu zilizochongoka kama sindano, nazo hung'aa sana kati ya vichujio viwili. Sindano hizi ni miongoni mwa sababu za nduma mbichi au isiyoiva vizuri kuwasha koo.

Waridi la Timau nalo lina somo lake. Kuta za seli za mimea zina nyuzi za selulosi zenye mpangilio wa fuwele. Katika seli mbili zinazolinda kila kitundu cha kupumulia cha jani, nyuzi hizo hutandazwa kuanzia kwenye kitundu kwenda nje. Seli zikijaa maji haziwezi kunenepa kwa urahisi. Hurefuka na kupinda, na kitundu hufunguka.

Zaidi ya hayo, nuru hii huweza kuchunguza seli hai pasipo kuitia rangi. Mwaka 1953, Shinya Inoué alithibitisha kwa njia hii kwamba nyuzi zinazohusika na kuzitenganisha kromosomu zimo katika seli hai, zikiwemo seli za yungiyungi zinazozaa chavua. Kabla ya hapo, baadhi ya wanasayansi walishuku kuwa nyuzi hizo ni dosari zilizoletwa na kemikali za kuhifadhia sampuli.

Suala la istilahi

Je, tuiiteje nuru hii? Njia ya kwanza ni tafsiri sisisi. Neno la asili lilibuniwa na Mfaransa Étienne-Louis Malus, aliyedhani kuwa nuru ni chembe zenye ncha mfano wa sumaku. Dhana hiyo iliachwa katika karne ya 19, hasa baada ya Augustin Fresnel kueleza nuru kama mawimbi yanayotetema kimkingamo. Tukisema "nuru iliyotiwa ncha", tutakuwa tumeirithisha lugha yetu nadharia ambayo wenyewe waliitupa.

Njia ya pili ni kutumia maelezo, kama "nuru ya mwelekeo mmoja". Tatizo ni kuwa msomaji atadhani nuru inaelekea upande mmoja, kama ile ya tochi, ilhali kinachozungumziwa ni mtetemo. "Nuru ya mtetemo wa bapa moja" ni sahihi zaidi, lakini ni ndefu na ni vigumu kuinyambua. Ndiyo maana makala haya yamechagua kutohoa: kupolarisha, kupolarishwa, upolarishaji. Kitenzi hiki hukubali viambishi vyetu bila kusitasita, nayo maelezo ya bapa hubaki kuwa fasili yake.

Hitimisho

Tumeona kwamba hadubini ya nuru iliyopolarishwa hufichua utaratibu wa ndani wa wanga, selulosi na fuwele, na kwamba Kiswahili kina uwezo wa kulieleza jambo hilo. Tumeona pia kuwa istilahi haiwezi kuteuliwa kwa kutazama kamusi pekee. Inapendekezwa kwamba wanafunzi wa Kiswahili washirikiane na wenzao wa biolojia na fizikia. Vipande viwili vya plastiki ya kupolarisha, hata vya miwani ya jua ya aina hiyo, vikiwekwa kwenye hadubini ya kawaida ya shule vinatosha kuonyesha msalaba wa kiazi. Anayetaka kuliteulia jambo hili jina bora kuliko tulilopendekeza na aanze kwa kuutazama msalaba huo.