Blenda au Mashine ya Kukanda? Mama Ndiye Aliyekata Shauri

Mwezi wa Shaabani mwaka jana nilikwenda kumjulia hali mama nyumbani kwake Mji wa Kale, Mombasa. Nilimkuta amekalia mbuzi akikuna nazi, na kifundo cha mkono wake wa kulia amekifunga kitambaa. Nilipomwuliza alinijibu, "Si kitu, mwanangu, ni baridi tu."

Baridi gani Mombasa? Mkono ule ndio uliotulea. Mahamri na vitumbua vyake ndivyo vilivyotulipia karo, na hadi leo kuna majirani wasiofungua kinywa asubuhi ila kwa mahamri yake na mbaazi za nazi. Ramadhani nayo ilikuwa yabisha hodi, na Ramadhani kazi yake huwa maradufu.

Basi tukakutana, sisi watoto wake watatu, tukachanga. Fedha zilizopatikana zilitosha chombo kimoja tu cha umeme. Dada akashikilia tununue mashine ya kukandia unga, kaka akashikilia blenda. Mimi nikapewa kazi ya kupeleleza ipi ifaayo, na niliyoyapata napenda kuwagawia wasomaji, maana najua si nyumba moja yenye mashaka kama haya.

Wengi hudhani vyombo hivi viwili ni mamoja. La hasha! Hata asili zao ni mbali mbali. Mashine ya kukoroga unga ilibuniwa Marekani mwaka 1908 na mhandisi Herbert Johnston kwa ajili ya waoka mikate, na mwaka 1919 ikatolewa ndogo yake ya nyumbani. Blenda nayo hutajwa kuwa ni kazi ya Stephen Poplawski, aliyetia visu chini ya jagi mwaka 1922 ili kuchanganya vinywaji. Moja ilizaliwa kwa ajili ya unga, nyingine kwa ajili ya kinywaji, na hadi leo hawajasahau walikotoka.

Visu vya blenda huzunguka maelfu ya mara kwa dakika. Kazi yake ni kukata na kusaga, lakini yataka majimaji ya kukivuta chakula kishuke kwenye visu. Mchele uliorowekwa usiku kucha, ukiutia pamoja na tui, utasagika laini tayari kwa vitumbua, vibibi au mkate wa kumimina. Nazi nayo waikata vipande vidogo, watia maji ya uvuguvugu, wasaga, kisha wachuja kwa kifumbu au kitambaa safi. Tui ndilo hilo, na mbuzi amepumzika. Ukwaju wa sharubati uutoe kokwa kwanza.

Lakini donge la unga usithubutu kulitia humo. Nasema kwa yaliyonifika. Siku moja niliazima blenda ya jirani, nikatia unga wa mahamri nikitaka kukwepa jasho. Ikanguruma, ikanyamaza, ikatoa moshi. Nililipa blenda nzima, na mahamri hatukula. Wala weupe wa yai hauumuki humo ukajaa mapovu, kwani visu hukata, havipigi.

Hapo ndipo penye sifa ya mashine ya kukandia. Yenyewe huzunguka polepole ndani ya bakuli lililo wazi. Ina ndoana ya kukandia mahamri na mikate, na mchapo wa kupigia mayai na sukari mpaka yawe meupe na mepesi, kama yatakikanavyo kwa keki na mkate wa mayai. Mwenye kuoka keki za harusi na aimani hii. Ila haisagi mchele, wala haitoi tui, na iliyo imara bei yake hupita ya blenda kwa mbali.

Kuna hadhari pia. Usijaze jagi mpaka juu, wala usisage mchuzi unaochemka, maana mvuke hukirusha kifuniko ukakuunguza. Saga kwa vipindi vifupi, mota ipoe. Tena wenye jamaa ughaibuni watazame maandishi yaliyo chini ya chombo. Umeme wetu Kenya ni volti 240, na wa Marekani ni 120. Zawadi iliyotengenezewa huko, ukiichomeka hapa vivi hivi, itaungua siku hiyo hiyo.

Nikarudi na habari zangu. Dada akasema, "Mmeona? Mama ni mtu wa mahamri, basi ni mashine ya kukandia." Na mimi, kusema kweli, nilikuwa nimekwisha kubali. Lakini hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amemwuliza mwenye mkono.

Mama akacheka. "Unga nina wajukuu wa kuukanda. Kila jioni wako hapa, wakanda huku wapiga soga. Mimi kinimalizacho ni nazi na mchele. Hivyo navifanya peke yangu, nyote mmelala."

Tukatazamana. Miaka yote tulikuwa tukiyaona mahamri mezani, na ile saa ya alfajiri hatukuiona.

Tukanunua blenda. Ramadhani ilipoandama mama alisaga mchele na nazi bila kifundo kufura, na wajukuu wakakanda kama kawaida yao. Hata hivyo tui bado alichuja kwa kifumbu kile kile cha zamani, na mbuzi hakukubali tumtoe jikoni. "Umeme hukatika," asema.

Kwa hivyo, msomaji, kabla hujaingia dukani, kaa wiki moja utazame jikoni mwako: ni kazi gani hurudi kila siku, na ni nani aifanyaye peke yake. Kisha mwulize yeye. Penye wazee haliharibiki neno.