Kichocheo, Kimea na Mshenga: Maelezo Kuhusu Vichocheo vya Metali Vinavyoteua na Kutumika Tena

1. Utangulizi

Neno kichocheo limekwisha kuzoeleka katika maandishi ya sayansi ya Kiswahili kuwa jina la kitu kinachoharakisha mmenyuko wa kikemia bila chenyewe kumalizika. Makala haya yanakusudia kueleza kundi moja la vitu hivyo, yaani vichocheo vya metali ambavyo huteua mmenyuko mmoja kati ya kadhaa inayowezekana, na ambavyo hukusanywa kazi ikiisha ili vitumike tena. Sambamba na maelezo hayo litachunguzwa swali la kiisimu: je, neno hili linaibeba dhana nzima, au linabeba sehemu yake tu? Swali hilo si dogo. Istilahi inayobeba nusu ya dhana humfundisha msomaji nusu ya jambo, na nusu iliyobaki hujazwa na maana za kila siku, ziwe zinafaa au hazifai.

2. Asili ya neno

Kuchochea moto ni kusukuma kuni ndani ya mafiga ili ziwake zaidi. Kutokana na kitenzi hicho tunapata mchochezi, uchochezi na kichocheo. Katika neno la mwisho, kiambishi ki- pamoja na irabu tamati -o hudokeza kifaa, kama ilivyo katika kifuniko na kizibo. Kwa hiyo umbo la neno ni sahihi kabisa. Tatizo limo katika picha linayoileta akilini. Kuni zinazochochewa huteketea zikawa majivu, na moto hupata nguvu kwa kuzila. Mwanafunzi anayeongozwa na picha hiyo atadhani kwamba kichocheo ni nishati ya ziada au aina fulani ya kuni. Tena nchini Kenya neno uchochezi husikika zaidi katika habari za mahakama na siasa, ambamo lina maana ya kuwatia watu fitina.

Lugha nyingine zimechagua picha tofauti. Mwanakemia wa Uswidi, Jöns Jacob Berzelius, alipoitafutia jina dhana hii mwaka 1835, alichukua neno la Kigiriki lenye maana ya kufungua au kulegeza. Wajapani nao husema shokubai, na herufi ya pili katika neno hilo hubeba maana ya mshenga. Picha ya Kijapani haina budi kumvutia Mswahili, kwa sababu mshenga tunaye. Huingia nyumba zote mbili, hupeleka na kurudisha maneno, na ndoa ikifungwa yeye hurudi kwake akiwa mzima, tayari kutumwa kwingine. Hakuolewa, lakini pia hakuwa mtazamaji.

3. Mfano wa jikoni

Chekalini ni kata ya eneo la Lugari, Kaunti ya Kakamega. Huko lahaja za Kiluhya hukutana na Kiswahili, na kemia hufundishwa shuleni kwa Kiingereza kama kwingineko nchini. Hata hivyo, kichocheo cha metali si jambo geni mbali na watu wa huko. Kwa muda mrefu wa karne ya 20, mafuta meupe ya kuganda yaliyokaangia sukuma wiki na kupakwa kwenye chapati yalitengenezwa viwandani kwa msaada wa nikeli.

Mafuta ya mimea ni majimaji kwa sababu minyororo ya kaboni iliyomo ina vifungo maradufu, ambavyo huipinda na kuizuia isipangike vizuri. Hidrojeni ikiongezwa kwenye vifungo hivyo, minyororo hunyooka na mafuta huganda. Lakini hidrojeni na mafuta vikikutanishwa peke yake, hata katika joto kali, karibu hakuna kinachotokea. Mwaka 1897 Paul Sabatier na Jean-Baptiste Senderens wa Ufaransa walionyesha kwamba nikeli iliyosagika sana huweza kuiunganisha hidrojeni na kampaundi za kaboni. Sabatier alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1912. Mwaka 1902 Wilhelm Normann wa Ujerumani alipata hataza ya kugandisha mafuta kwa njia hiyo.

Jinsi nikeli inavyofanya kazi ndilo jambo la msingi. Molekuli ya hidrojeni hutua juu ya uso wa metali na kugawanyika kuwa atomi mbili. Mnyororo wa mafuta nao hushikwa hapo hapo kwenye kifungo chake maradufu. Atomi za hidrojeni huhamia kwenye mnyororo, kisha mnyororo huachiliwa na uso hubaki wazi kwa mwingine. Kichocheo hakiongezi nishati. Hufungua njia nyingine yenye mwinuko mdogo. Wala hakiwezi kuufanikisha mmenyuko usiowezekana, kama ambavyo mshenga hodari hawezi kuwaozesha ndugu wa damu.

4. Kuteua

Hapa ndipo neno kuharakisha linapopungua. Mnyororo wenye vifungo maradufu viwili au vitatu hushikwa na nikeli kwa nguvu zaidi kuliko wenye kimoja. Kwa sababu hiyo ile minyororo ya kwanza hutangulia kupata hidrojeni, na mtengenezaji huweza kusimamisha kazi kabla mafuta hayajawa magumu kama nta. Huko ndiko kuteua.

Uteuzi huo, hata hivyo, una kasoro. Baadhi ya minyororo hushikwa, hugeuzwa umbo, kisha huachiliwa bila kupata hidrojeni ya kutosha. Hivyo hupatikana mafuta ya trans, ambayo huongeza hatari ya maradhi ya moyo. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi ziyaondoe mafuta hayo ya viwandani katika vyakula ifikapo 2023. Ni dhahiri basi kwamba tofauti kati ya kichocheo kinachoharakisha tu na kile kinachoteua barabara huweza kufika hadi kwenye moyo wa mlaji.

Mfano wa uteuzi mkali zaidi ni kichocheo cha Herbert Lindlar cha mwaka 1952. Paladi, metali yenye nguvu nyingi mno kwa kazi hiyo, hutiwa risasi kwa makusudi ili ipunguzwe ukali. Hapo hukibadilisha kifungo cha utatu kuwa maradufu na kukomea hapo.

5. Kurejesha

Nikeli ya kiwanda cha mafuta ni unga usioyeyuka. Huchujwa na kurudishwa kazini, mpaka salfa na takataka nyingine ziufunike uso wake. Mambo ni magumu zaidi kwa vichocheo vinavyoyeyuka, kama kile cha rodi alichokieleza Geoffrey Wilkinson katika miaka ya 1960. Huteua vizuri, lakini hubaki kimechanganyika na zao, na rodi ni metali adimu yenye bei kubwa.

Dawa mojawapo imo katika ukweli ambao kila mpishi anaujua, kwamba maji na mafuta hayachanganyiki. Tangu 1984, huko Oberhausen, Ujerumani, rodi imefungwa kwenye kampaundi inayoyeyuka majini. Mmenyuko ukiisha, zao huelea juu, na kichocheo hubaki chini katika maji yake. Njia nyingine ni kuipachika metali kwenye chembe za oksidi ya chuma, ili ivutwe kwa sumaku. Lakini si kila kinachochujwa kimerejeshwa chote. Metali huweza kuvuja na kuingia katika zao. Kwa hiyo wachunguzi huchuja mchanganyiko ungali moto. Majimaji yaliyochujwa yakiendelea kumenyuka, imejulikana kwamba metali imetoroka.

6. Mapendekezo ya istilahi

Kulitupa neno kichocheo hakuna faida, kwa kuwa limekwisha kuota mizizi. Linalohitajika ni kulifafanua kwa sifa tatu: kuharakisha, kuteua na kurejea. Kwa sifa ya pili yafaa kutumia uteuzi badala ya uchaguzi, neno ambalo limekwisha kutawaliwa na kura. Kwa sifa ya tatu yafaa kutenganisha urejeshaji, yaani kukitoa kichocheo katika mchanganyiko, na utumikaji-tena, yaani kufanya kazi kwa mara ya pili kwa uwezo ule ule. Kinaweza kurejeshwa kikiwa kimekwisha kufa.

Aidha, kichocheo kisichanganywe na kimea. Nafaka iliyooteshwa hugeuza wanga wa uji kuwa sukari kwa vimeng'enya vyake, lakini kimea chenyewe huishia ndani ya pombe, na mpishi wa busaa hulazimika kuotesha kingine. Kimeng'enya ni kichocheo. Kimea ni chombo kinachokibeba.

Mshenga naye hawezi kuwa istilahi, kwa kuwa upatanisho wake wa kisarufi ni wa viumbe wenye uhai. Anafaa kuwa kielezo cha darasani. Mwalimu akianza na kuni, itambidi baadaye afute alichokijenga. Akianza na mshenga, atabakiwa na kazi ya kuongeza tu.