Mionzi ya Ndani Baada ya Upasuaji wa Saratani ya Mfuko wa Uzazi

Wafanyakazi wa Serikali na wananchi wanafahamishwa kuwa saratani ya ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi mara nyingi hujulikana mapema, kwani dalili yake ya kwanza ni damu kutoka baada ya hedhi kukoma. Damu hiyo, hata ikiwa tone, isifichwe.

Mfuko ukishaondolewa, baadhi ya wagonjwa, si wote, hushauriwa kupata mionzi ya ndani, ili ugonjwa usirejee sehemu ya juu ya uke. Kifaa mfano wa bomba huingizwa ukeni, chembe ya mionzi hupitishwa humo kwa dakika chache, kisha huondolewa. Hapana mionzi inayobaki mwilini. Mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo, akampakata mjukuu wake bila ya kumdhuru.

Utafiti wa Uholanzi wa wanawake 427, uliochapishwa mwaka 2010, ulionyesha kuwa njia hii huukinga uke sawa na mionzi ya nje ya nyonga, na kuharisha huwa kuchache zaidi. Uke huweza kukauka na kubana. Jambo hilo aelezwe daktari bila ya haya. Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ina mitambo ya mionzi ya ndani.