Kufundisha Kupima Sababu: Pete ya Chuma ya Mukuku

Mwanachuo anayefanya mazoezi ya kufundisha katika shule za Ukonga hugundua upesi kwamba ndege ipitapo chini kuelekea kiwanjani, macho ya darasa zima huhama ubaoni. Walimu wengi hukemea. Yafaa zaidi kulitumia tukio hilo, kwani nyuma ya macho yale pana swali: kitu kikianguka kutoka juu, tutajuaje kilichokiangusha?

Mfano wa karibu upo. Tarehe 30 Desemba 2024, yapata saa 9 alasiri, pete ya chuma yenye kipenyo cha kama meta 2.5 na uzito wa kama kilo 500 ilianguka katika kijiji cha Mukuku, Makueni, nchini Kenya. Hakuna aliyeumia. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilieleza, kwa uchunguzi wa awali, kwamba ilikuwa pete ya kutenganishia sehemu za roketi. Pete za namna hiyo hutarajiwa kuungua zirudipo katika hewa ya dunia, au kuangukia baharini. Mwalimu aeleze hapa kwamba kitu kirudicho kutoka mzingo wa dunia huja kwa kasi ya kama kilometa 8 kwa sekunde, na hewa iliyo mbele yake hubanwa kwa nguvu hata ikawa moto mkali.

Ndipo mabishano yalipoanza. Zilienea habari kwamba pete ilikuwa ya India, na kwamba Kenya inadai fidia; Shirika lilizikanusha. Waliokuwa wakiitaja India waliielekeza lawama kwenye roketi iliyobeba vyombo vya SpaDeX, kwa kuwa ilirushwa siku hiyo hiyo. Mtaalamu wa Uholanzi, Marco Langbroek, alielekea kwenye sehemu ya roketi ya Ariane iliyorushwa mwaka 2008. Mwanafalaki Jonathan McDowell alitia shaka kama pete ilitoka anga za juu kabisa, maana haikuonyesha wazi dalili za kuungua.

Mwalimu asiwape wanafunzi jibu. Agawe ubao mara mbili: upande mmoja yaliyoonekana na kupimwa, upande wa pili yaliyosemwa. Darasa la sita hushangaa kuona upande wa pili unavyojaa upesi. Kisha aulize juu ya kila dai: likiwa kweli, tungetazamia kuona nini?

Dai la India ndilo zuri kuanza nalo, kwa sababu watoto wanaweza kulipima wenyewe kwa saa ya kadibodi. Roketi ile iliruka saa 4 usiku kwa saa za India. India iko mbele yetu kwa saa mbili na nusu. Kwa hiyo kwetu ilikuwa saa 1:30 usiku. Pete ilikwisha kulala shambani Mukuku saa nne na nusu kabla! Waacheni wafike hapo wenyewe, hata kama kipindi kitakwisha. Hesabu ya kutoa, waliyoijua tangu darasa la pili, imeondoa dai lililozungumzwa na watu wazima.

Wanafunzi wakishalipata hilo, wako tayari kwa mfano mzito zaidi. Tarehe 1 Februari 2003 chombo cha Marekani, Columbia, kilivunjika kikirejea duniani, na wanaanga wote 7 wakafa. Siku 16 kabla, wakati wa kuruka, kipande cha povu gumu kilibanduka kwenye tangi la mafuta kikagonga bawa la kushoto. Katika siku za kwanza viongozi wa mradi walisema hadharani kwamba ni vigumu kuamini povu jepesi lilete maafa hayo. Tume ya uchunguzi haikukomea kwenye maneno. Julai 2003, huko Texas, povu la namna ile lilifyatuliwa kwa kasi kwenye kipande cha ukingo wa bawa, likatoboa tundu la kama sentimeta 40. Tume iliandika pia kwamba desturi za kazi ndani ya NASA zilichangia ajali sawa na lile povu: wahandisi walitaka bawa lipigwe picha chombo kikiwa bado angani, wala hawakusikilizwa. Hapo darasa litaona kuwa sababu moja yaweza kukaa nyuma ya nyingine.

Jambo moja la tahadhari kwa atakayefundisha somo hili Ukonga. Usiku wa tarehe 16 Februari 2011 maghala ya silaha ya Gongo la Mboto yalilipuka, mabomu yakaruka hadi katika nyumba za watu, na zaidi ya watu 20 wakafa. Wanafunzi wa leo hawakuwa wamezaliwa, lakini wazazi wao wanakumbuka. Mtoto akilitaja tukio hilo, mwalimu amsikilize hadi mwisho, asiliandike ubaoni kuwa zoezi.